'Walenisi': Riwaya ya anga iliyotugawa Kibera na Kawangware

Agosti iliyopita nilipokwenda Nairobi nilibeba nakala mbili za kitabu kimoja. Moja nilimpelekea mume wa shangazi yangu, Mnubi wa Makina huko Kibera, ambaye mtaa mzima humwita Mwalimu kwa kuwa alifundisha Kiswahili mpaka akastaafu. Ya pili nilimpa mpwa wangu, fundi wa simu mwenye kibanda chake Kawangware, kwenye njia ya matatu za nambari 46. Kitabu chenyewe ni Walenisi, riwaya ya marehemu Katama Mkangi. Niliwaomba wote wawili wakisome, kisha tukutane Makina kabla sijateremka Mombasa.

Tulikutana Jumapili baada ya alasiri. Ilipoadhiniwa magharibi tulikuwa bado tunabishana. Mwalimu alisema kitabu ni khutba iliyovishwa nguo za safari. Mpwa wangu alisema chombo cha angani cha Mkangi hakina injini. Shangazi, ambaye hakuna aliyempa kitabu wala kumuuliza maoni, alikuwa amekisoma usiku mwenyewe akiwa amelala, naye alikuwa na lake la kusema.

Nayaandika haya kwa sababu mabishano hayo si ya nyumba moja. Nimeyasikia kwa walimu, kwa wanafunzi na kwa wapenzi wa riwaya miaka na miaka, na karibu kila mara watu hugawanyika pale pale. Pili, mwandishi ni wetu, mwana wa Kilifi, na vijana wengi wa Pwani hawamjui hata kwa jina.

Kitabu na mwenye kitabu

Walenisi kilitoka mwaka 1995. Kinamhusu Dzombo, mtu wa nchi ambayo wachache wamewakalia wengi. Kwa msimamo wake dhidi ya dhuluma anahukumiwa kufa, lakini hanyongwi wala hapigwi risasi. Anatiwa ndani ya chombo cha angani arushwe akapotelee huko juu. Dzombo hafi. Anafika Walenisi, mahali ambapo watu wanaishi bila ya bwana na mtwana. Wenyeji wanampokea na kumweleza namna wanavyofanya kazi, wanavyogawana na wanavyoendesha mambo yao. Mwisho wake sitausimulia, asiyesoma akautafute mwenyewe.

Msomaji wa Kwale atalisikia jina la Dzombo kwa sikio jingine, maana ni jina la mlima wa kwao. Na jina la kitabu, ukilikata vipande, linajisoma lenyewe: wale ni sisi.

Mkangi alikuwa mtaalamu wa elimu ya jamii na alifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Kabla ya Walenisi alikuwa ameshaandika Ukiwa mwaka 1975 na Mafuta mwaka 1984. Mwaka 1983 alitoa kitabu cha Kiingereza juu ya ardhi na ukubwa wa familia miongoni mwa Wataita, kazi ya utafiti wa kukaa na watu na kuwasikiliza. Mwaka 1986, serikali ya Rais Daniel arap Moi ilipokuwa ikiwakamata wahadhiri na wengine iliowashuku kuwa wa Mwakenya, naye alikamatwa akawekwa kizuizini bila ya kufikishwa mahakamani. Mwaka 1997 aligombea urais kwa tiketi ya chama cha Kenya National Congress. Alifariki mwaka 2004 katika ajali ya barabarani.

Ukishayajua hayo, ile hukumu ya Dzombo huisomi tena kama kitendawili cha mbali. Aliyeiandika ni mtu ambaye dola ilimfungia mlango kwa sababu ya mawazo yake.

Lawama ya Kibera: maneno mengi

Mwalimu hakuwa na neno na chombo. Alisema sehemu ya hukumu na safari aliisoma bila ya kuweka kitabu chini. Shida yake ilianza Dzombo alipofika. "Hadithi imekaa kitako," alisema. Mgeni anauliza, mwenyeji anajibu. Mgeni anastaajabu, mwenyeji anaeleza zaidi. "Khutba ya Ijumaa ina mwisho. Hii nilikuwa nikifungua ukurasa nikiikuta bado inaendelea."

Lawama hiyo ina uzito, na si ya Mkangi peke yake. Ni ugonjwa wa kila mwandishi aliyejaribu kuchora nchi njema. Thomas More wa Uingereza alichapisha Utopia mwaka 1516, na humo pia msafiri anasimulia kwa kirefu namna watu wa kisiwa fulani walivyopanga mambo yao. Nchi njema haina ugomvi, na hadithi hula ugomvi. Ukiondoa mwizi, mnafiki na hakimu mla rushwa, mwandishi anabaki na watu wema wanaoelezana.

Nilimkumbusha Mwalimu Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Nayo ni nchi ya angani, na ndani yake mna maneno mengi: Karama amesimama barazani akishitakiwa, anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliopelekwa pande sita, mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, na namna kila mmoja alivyorudi na neno la faida akalipwa adhabu. Huyo naye anahutubu kitabu karibu kizima, na vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki vimemsoma. Mbona yeye humlaumu?

Mwalimu alijibu papo hapo. "Karama anajitetea asife. Mtu anayejitetea asife nitamsikiliza mpaka alfajiri. Hawa wa Walenisi hawaogopi kitu, kwa hiyo hata maneno yao hayana haraka." Sikuwa na la kumjibu, na sina mpaka leo. Anayetaka kuandika riwaya ya namna hii alibandike jibu hilo ukutani.

Jirani mmoja aliyekuja kumjulia hali Mwalimu alisikiliza kidogo, akauliza swali ambalo wengi wetu tumelisikia madrasa au nyumbani: je, inafaa kubuni ulimwengu ambao Mwenyezi Mungu hakutuambia habari zake? Mwalimu alimwambia kuwa mwongo ni yule anayetaka uamini. Mtambaji wa hadithi husema paukwa, nawe ukajibu pakawa, basi mmeshakubaliana kuwa mnachosikilizana ni hadithi. Wazee wetu wa Pwani walisimuliana habari za farasi wa kuruka na majini wa chupani, za Alfu Lela Ulela, wakamaliza wakaenda kusali isha. Jirani alicheka, akasema basi na yeye aazimwe.

Lawama ya Kawangware: injini iko wapi?

Mpwa wangu ni mtu wa namna nyingine. Siku nzima anafungua simu za watu, na usiku anasoma hadithi za anga kwenye simu yake, zote za Kiingereza. Kitabu anachokipenda kupita vyote ni The Martian cha Andy Weir, Mmarekani mtaalamu wa kompyuta, ambaye alikitoa mwenyewe mwaka 2011 kabla hakijachapishwa upya mwaka 2014. Mtu ameachwa peke yake Mirihi, analima viazi ndani ya kambi na anapiga hesabu za hewa, maji na chakula ukurasa baada ya ukurasa. Wako wanaokipenda kitabu hicho kwa hesabu zile, na wako wanaokitupa kwa sababu ya hesabu zile zile. Mpwa wangu ni wa kundi la kwanza.

Kwa hiyo alipofika kwenye chombo cha Dzombo alianza kuuliza maswali ya fundi. "Mjomba, kinaendeshwa na mafuta gani? Joto je? Hewa anayovuta inatoka wapi, na hiyo anayoitoa inakwenda wapi?" Maelezo aliyoyakuta hayakumtosha. Alisema mwandishi alihitaji kumtoa mtu hapa kumfikisha pale, akachukua chombo kama mtu anavyochukua matatu, hata jina la sako hakulisoma.

Ugomvi huu ni mkongwe kuliko sisi sote. Jules Verne wa Ufaransa, katika riwaya yake ya mwaka 1865, aliwarusha watu kuelekea mwezini kwa mzinga mkubwa, akapiga hesabu zake. H.G. Wells wa Uingereza, mwaka 1901, aliwapeleka wake kwa kitu alichokibuni tu chenye uwezo wa kuzuia mvutano wa dunia. Verne hakupendezwa: yeye alitumia mambo ya fizikia, mwenzake anabuni, basi na aoneshe kitu chenyewe. Kumbe hata mzinga wa Verne usingewafikisha abiria wakiwa hai, kwa maana kishindo cha kurushwa kingewaponda palepale.

Hata huyo Weir wa mpwa wangu ana deni. Kitabu chake kinaanza kwa dhoruba ya Mirihi yenye nguvu ya kutishia kuangusha chombo. Hewa ya Mirihi ni nyepesi mno, mgandamizo wake haufiki hata asilimia 1 ya huu wa duniani, na upepo wa huko hauwezi kufanya kazi hiyo. Mwandishi mwenyewe amekiri kuwa alilijua hilo, lakini alihitaji njia ya kumwacha mtu wake kule. Nilimwambia mpwa wangu: fundi wako naye alichukua matatu kufika mwanzo wa hadithi, kisha ndipo akatoa kikokotoo.

Akakaa kimya kidogo. Halafu akasema jambo lililonigusa kuliko lawama zake zote. "Sawa mjomba. Lakini mimi hizi hadithi nimezizoea kwa Kiingereza. Nikizisoma kwa Kiswahili naona kama watu wanaigiza." Kumbe ana daftari. Anaandika hadithi ya kijana wa Kawangware anayetengeneza simu mbovu, usiku mmoja ikaanza kupokea sauti kutoka setilaiti iliyozimika zamani. Anaandika kwa Kiingereza ambacho mwenyewe anakiri kinamchosha, kwa hofu kwamba kwa Kiswahili atachekwa.

Si yeye peke yake. Filamu ya Pumzi ya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009, inayoonesha Afrika Mashariki ya baadaye iliyokaukiwa maji, ilisifiwa mbali. Jina lake ni la Kiswahili, lakini mazungumzo yake ni ya Kiingereza.

Anga si ya wageni

Hapa ndipo ninapotofautiana na mpwa wangu, na ndipo Upwani wangu uliponipanda.

Karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, katika Kilifi hiyo hiyo ya Mkangi, kuna majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini. Ni kituo cha Waitaliano cha San Marco. Kutoka hapo roketi ilipeleka setilaiti angani mwaka 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka saba ya uhuru wa Kenya, kutoka hapo hapo iliruka setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota, ya kwanza duniani kwa kazi hiyo. Iliitwa Uhuru. Ndiyo, jina la Kiswahili. Urushaji uliendelea kwa vipindi mpaka mwaka 1988. Wavuvi wa Ngomeni waliziona roketi kwa macho yao wakati nchi nyingi kubwa hazijawahi kurusha hata moja.

Kwa hiyo mwandishi wa Kilifi anapomtia mtu wake ndani ya chombo cha angani haendi kuazima kitu cha watu. Kwao roketi ilikuwa jirani, ingawa aliyekuwa na ufunguo wa lango ni mgeni. Na hilo nalo ni sehemu ya anachokisema: chombo kipo, je, ni cha nani, na kinampeleka nani wapi?

Maneno nayo hayakupungua. Tuliposema "chombo" tulikuwa tukisema jahazi, na sasa twasema kile cha angani, na hakuna anayeshituka. Nahodha ni nahodha, usukani ni usukani, nanga ni nanga. Sayari tunazo kwa majina yake: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali. Kundi la nyota la Kilimia wakulima wetu walilitazama kujua msimu wa kulima. Lugha iliyovuka bahari kwa kutazama nyota haiwezi kusemwa kuwa haina anga. Waandishi wake ndio wachache. Mbali na Mkangi, waliothubutu kuiondoa riwaya ya Kiswahili kwenye njia iliyozoeleka wapo: Euphrase Kezilahabi kwa Nagona na Mzingile mwanzoni mwa miaka ya 1990, Said Ahmed Mohamed wa Pemba kwa Babu Alipofufuka mwaka 2001, Kyallo Wamitila kwa Bina-Adamu! mwaka 2002. Wote wamesifiwa na wote wamelaumiwa kuwa wagumu.

Neno la shangazi

Shangazi alikuwa akimimina chai wakati wote huo. Ni mtu wa Mombasa, aliolewa Kibera akiwa msichana, na husema reli ileile iliyompandisha kutoka Pwani ndiyo inayopita mtaani kwake, kwa hiyo hakuwahi kutoka kwao. Alipoona tumechoka alisema, "Mmoja kasoma midomo, mwingine kasoma injini. Mimi nimesoma jina."

Akatukumbusha Julai 2018, matingatinga yalipoingia Kibera kubomoa nyumba kupisha barabara ya kuunganisha Ngong na Lang'ata. Maelfu ya watu walibaki bila ya makao, na shule zilibomolewa pamoja na nyumba. Kwao Makina yeye na jirani zake hawakuguswa. "Siku zile tulikuwa tukisema 'wale'. Wale wa barabarani. Wale walioambiwa mapema wasisikie. Nilifunga mlango wangu nikapika. Mwanamke mmoja alikuja kuniomba nimwekee godoro na masufuria yake, nikamwambia nyumba ni ndogo. Nyumba ni ndogo kweli, lakini godoro lingeingia." Akanyamaza. "Sasa huyu Mkangi ananiambia wale ni sisi. Mimi nimeelewa hapo. Hizo kurasa nyingine, Mwalimu ana haki, zingepunguzwa."

Hakuna aliyeongeza neno. Mpwa wangu aliinamisha kichwa. Yeye anakaa Kawangware, mtaa unaopakana na Lavington, na kila asubuhi huwaona watu wakitoka kwenye mabati kwenda kufua na kulinda kwenye nyumba za uani mwa miti. Kutoka sayari moja hadi nyingine ni mwendo wa miguu tu, na kila upande huuita mwingine "wale".

Ndiyo maana naona wanaokihukumu kitabu hiki kwa chombo chake peke yake, na wanaokihukumu kwa hotuba zake peke yake, wote wanasema kweli na wote wanakipunja. Chombo ni chepesi, na hotuba ni ndefu. Lakini mwandishi alimpandisha mtu juu ili atazame chini, aone kuwa mpaka aliouzoea tangu utotoni uliwekwa na watu, na watu wanaweza kuuondoa. Mwenye kukisoma akatoka bila ya kujiuliza amewahi kumwita nani "wale", huyo ndiye ambaye safari haikumfikisha.

Kwa anayetaka kukisoma

Ukikipata, usiendee hadithi ya mbio. Soma mwanzo mpaka Dzombo anaporushwa kwa mkupuo mmoja, kisha punguza mwendo na usome sehemu ya Walenisi kidogo kidogo, kama mazungumzo ya barazani. Ukiwa na Kusadikika, visome kwa kufuatana, uone waandishi wawili wa mwambao, mmoja wa Tanga na mmoja wa Kilifi, walivyoipandisha mahakama angani kwa zaidi ya miaka arobaini kati yao. Kwa mwalimu anayefundisha vijana, mwache yule anayeuliza injini aulize. Swali lake ni la mtu aliyesoma kwa makini.

Nakala ya Mwalimu iko kwa yule jirani. Ya mpwa wangu iko kibandani Kawangware, juu ya kabati la vioo, na wateja wanaosubiri simu zao huifungua. Wiki jana alinipigia usiku. Hakusalimia sana. "Mjomba, yule anayeongoza setilaiti akiwa chini duniani, naye nimwite nahodha?"

Nilimwambia amuulize shangazi.